Kibuyu cha Zakaria

Kijana mmoja kati yenu, simtaji jina kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, alisimama siku ile ukumbini pale Ngara mjini akasema mbele ya watu wote: "Shikamoo Bibi. Picha zako ni nzuri, ila si za Kiafrika. Ni za Kihindi." Akakaa. Wenzake wakapiga makofi kidogo, yale makofi ya kuangaliana. Mimi nikaitikia marahaba, maana salamu haina kosa, nikanyamaza. Mkadhani nimeshindwa. Siku ile jino lilikuwa linaniuma, na mwenye jino bovu habishani na watu wenye meno yao yote. Sasa jino limeng'olewa. Kaeni vizuri.

Jina langu Skolastika. Nimezaliwa Kirushya, kwa wazazi waliolima ndizi na maharage, na kazi niliyoifanya tangu nimalize darasa la saba hadi macho yaliponikatalia ni kuchora picha ndogo. Ndogo kweli: nyingi za ukubwa wa kiganja, chache za ukubwa wa daftari. Sikuwahi kuchora bango la duka wala simba wa nyuma ya lori. Watu wakiniuliza, "Wewe ni fundi rangi?" nilikuwa naitikia ndiyo, kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu na mimi nilikuwa na kazi ya kufanya. Leo sina kazi, kwa hiyo mtayapata yote.

Aliyenitia katika shughuli hii ni Sista Amala, mtawa kutoka India. Alikuja Ngara kufundisha wasichana ushonaji. Vyerehani vilikuwa vichache na wasichana tulikuwa wengi, basi wale waliosubiri zamu aliwapa karatasi na brashi wasije wakakaa wanasengenyana. Zamu yangu ilipofika nilikataa kuinuka.

"Skola, njoo ushone," akaniita.

"Sista, bado sijamaliza mkia wa kuku."

Akaja akautazama ule mkia, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwenye cherehani. Mpaka leo siwezi kushona hata kifungo.

Kwao Sista ni mji wenye ziwa katikati ya nchi kame. Jirani yao alikuwa mzee mchoraji, mtu ambaye baba zake na babu zake waliwachorea wafalme wa pale, na Sista alipokuwa mtoto alikuwa anakwenda kumsagia rangi. "Msifikiri nilikuwa mwanafunzi wake," alituambia. "Nilikuwa mtwangaji wake." Lakini mtwangaji ana macho. Alikuja na kitabu kikubwa cha picha za kwao, jalada limechanika, kurasa zinatoka, na hicho ndicho kilichokuwa shule yetu.

Yule kijana alisema "za Kihindi" kana kwamba ni kitu kimoja, kama mtu anayesema "chakula" bila kusema ni ugali au ndizi. Kule kila ufalme ulikuwa na mkono wake. Wachoraji wa Mewar, upande wa kwao Sista, walijaza anga rangi nyekundu kavu, hakuna wingu wala ndege, na watu wao wana macho marefu kama samaki. Wa Bundi walipenda majani, miti imesongamana hadi huoni pa kupita. Wa Kangra, kule milimani kwenye baridi, walitumia kijani laini na nyuso za upole, na vilima vyao vimepandana kimoja juu ya kingine kama hapa kwetu. Aliyezoea aliweza kutazama jicho moja tu la mwanamke akakwambia limechorwa wapi, kama sisi tunavyomsikia mtu akiuliza bei sokoni tukajua ni wa Ngara au ametoka Biharamulo.

Siku nilipofungua ukurasa wa Bundi nilipiga kelele. "Sista! India kuna migomba!"

"Ipo mingi."

Nikaitazama ile migomba, nikaitazama tena. "Mbona haina hata mkungu mmoja? Hawa watu wanakula nini?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi wewe chora yenye mikungu," akasema.

Ndivyo nilivyoanza. Sikuanza kwa kuiga, nilianza kwa kusahihisha. Mnaweza kuniita mwenye kiburi, hamtakuwa wa kwanza.

Halafu kulikuwa na wale wafalme wakubwa, Wamughal, Waislamu wenye majeshi. Hao walileta mafundi kutoka Uajemi, wakawakalisha chumba kimoja na wachoraji wa India, wakafinyanga mkono mpya. Kisha wakaja mapadre kutoka Ulaya na picha takatifu zilizopigwa chapa kwa wino mweusi. Mfalme akazipenda, akawapa wachoraji wake. Wakamchora Bikira Maria kwa namna yao, wakamvika nguo za kwao. Na walipomaliza wakaiona ile duara ya mwanga iliyo kichwani mwa watakatifu, wakaichukua, wakaiweka nyuma ya kichwa cha mfalme wao.

"Wezi!" nilisema.

"Ndiyo," Sista akajibu, "tena wenye mikono mizuri."

Baadaye kazi ilipopungua kwa wafalme wakubwa, mafundi walitawanyika, wengine wakapanda milimani kutafuta riziki kwa wafalme wadogo, na ule upole wa picha za milimani ulitokana na mikono hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza picha gani ya Kihindi ni ya Kihindi tupu, nitakuuliza ni mtoto gani wa Ngara ambaye bibi zake wote wametoka kilima kimoja.

Sasa nimlete Maduhu, maana bila yeye hakuna hadithi. Maduhu ni Msukuma. Baba yake alihamia Kaniha, wilaya ya Biharamulo, akiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Rangi zetu zinahitaji gundi ya mti, na mti wenyewe ni mgunga, ambao huku kwenye migomba haupo. Maduhu alikuja siku moja na kopo la gundi kutuuzia. Alikuwa kijana mrefu, mkimya. Wakati Sista anaipima ile gundi, yeye aliinama juu ya meza yangu, nilipokuwa namchora ng'ombe.

"Huyu hajawahi kukamuliwa," akasema.

"Umejuaje?"

"Chuchu umeziweka pa dume."

Nikampa brashi kwa hasira. Akamrekebisha yule ng'ombe kwa mistari michache, na Sista akamwambia asirudi Kaniha kabla hajanywa chai. Alikunywa chai ile miaka mingi.

Tulibishana kila siku. Yeye alisema "langi", mimi nikaandika "karamu" nikimaanisha kalamu, na Sista hakujua amwamini nani. Mimi nilijaza karatasi vilima hadi juu, kwa sababu nilikokulia ukiinua macho unaona shamba la jirani juu ya kichwa chako. Yeye aliacha nafasi: mstari mmoja wa ardhi, ng'ombe, na uwazi mkubwa. "Wewe picha yako haina mahali pa kupumulia," aliniambia. "Na yako haina mahali pa kujificha mvua," nikamjibu. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa pembe. Mimi nilitaka ng'ombe wenye pembe ndefu, wale wa asili ya huku. Yeye alitaka wa kwao, pembe fupi na nundu mgongoni. Sista aliachia brashi akasema, "Watu wa jangwani na watu wa milimani! Nimesafiri bahari nzima kuja kusikia ugomvi uleule." Mwishowe tulikubaliana kuwa kila kundi litakuwa na wa aina zote. Wateja hawakulalamika. Ng'ombe wenyewe pia.

Mnaotaka kujifunza, shikeni haya. Karatasi moja haitoshi. Gandisha kadhaa kwa uji mwembamba wa unga, ziminye chini ya mawe, zikauke kivulini. Ndani ya uji tia mrututu kidogo, lile jiwe la bluu ambalo wakulima wa kahawa hupulizia. Mimi nilisahau mara moja, na panya wakamla Mtakatifu Yosefu mpaka magotini. Kisha sugua karatasi kwa jiwe laini la mtoni. Sisi mawe hayo tuliyaokota mto Ruvubu. Sugua hadi iteleze kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta. Nyekundu ni udongo wa barabarani uliochujwa na kuchujwa. Nyeusi ni masizi ya jikoni. Bluu, msicheke, tulitumia ile ya kufulia mashuka. Brashi ya Sista ilikuwa ya manyoya ya kindi, nayo ilipoisha tulijaribu mkia wa paka wa masista. Paka alikuwa na subira kuliko sisi. Alipoanza kuonekana kama panya, mama mkuu wa nyumba akakataza, tukahamia manyoya ya sikio la ndama, ambayo ni mazuri zaidi. Na unapochora jicho, usipumue. Pumua ukishamaliza.

Michirizi ile ya pembezoni mwa picha zangu, yenye pembe pembe nyeusi na nyeupe, nayo mniulize. Alitufundisha mama mmoja mkimbizi kutoka Rwanda, ambaye kwao walipamba kuta za nyumba kwa samadi ya ng'ombe na rangi. Alikaa nasi msimu mmoja tu, akapata ndugu zake akaenda. Mkono wake umebaki pembezoni mwa kila picha niliyochora tangu hapo. Sikumwomba cheti cha asili yake.

Sasa picha yenyewe.

Sista Amala alihamishwa na shirika lake, akapelekwa nchi nyingine. Aliondoka asubuhi kwa basi, analia kama mtoto, akatuachia kitabu na chumba kile tulichokigeuza karakana. Masista waliobaki walitwambia kwa upole: chumba hiki tunakihitaji, lakini mkipata kazi ya maana tutawaacha. Kazi ikaja. Parokia moja, si lazima niseme ipi, ilikuwa inamalizia kanisa jipya, na kamati ya ujenzi ikataka picha ya Bikira Maria alipokwenda kumtembelea Elizabeti. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Deusi, aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Mtu mnyoofu, hana hila, ila akishaona jambo hageuzi shingo.

Tulifanya kubwa kuliko zote, ya ukubwa wa sinia. Miezi ya masika yote tuliinamia karatasi ile, Maduhu upande wake na mimi upande wangu. Mimi nilimchora Maria amepanda mlima wa Kirushya, jasho usoni, mkono kiunoni kama mwenye mimba yeyote. Elizabeti, mtu mzima, mimba kubwa, anatoka kwenye migomba yenye mikungu, ameshamshika viwiko mgeni wake na hajamaliza kumsalimia. Maduhu alichora ng'ombe na ile nafasi ya kupumulia katikati ya wanawake wawili. Anga tulilifanya jekundu la Mewar, jekundu la udongo wetu. Na mlangoni, Zakaria, mume wa Elizabeti, hayupo, lakini kiti chake kipo, na kando ya kiti kuna kibuyu cha rubisi chenye mrija.

Kamati ilikaa kwenye mabenchi mapya yaliyonukia mbao. Tukawafungulia picha.

"Skolastika," Mwalimu Deusi akaanza, "hicho ni kibuyu cha nini?"

"Rubisi, Mwalimu."

"Pombe. Katika picha ya Mama wa Mungu."

"Si ya kwake. Ni ya Zakaria."

Mama mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Mwalimu hakucheka. "Zakaria alikuwa kuhani. Na alikuwa bubu wakati huo."

"Ububu haumzuii mtu kutumia mrija, Mwalimu."

Nilikosea kusema hivyo, nilijua kabla sijafunga mdomo. Akahesabu kwa vidole: kibuyu kiondoke, uso wa Maria uwe mweupe kama kwenye picha zote wanazozijua waumini, anga liwe la bluu, kwa sababu anga ni la bluu. Tuirudishe kabla ya sikukuu. Tukishindwa, wangenunua ya kuchapwa.

Tukatoka. Maduhu alinitangulia hadi stendi. Pale kwenye kelele za bodaboda akasema, "Tubadilishe."

"Hapana."

"Dada Skola, ni anga tu. Mimi nina watoto. Chumba kile kikifungwa narudi kuchunga."

"Leo anga, kesho uso. Keshokutwa watataka migomba iwe mizeituni."

"Kwani mizeituni ina ubaya gani?"

Nilipanda kwenda nyumbani kwa miguu, na kwa mara ya kwanza kilima kile kilinichosha.

Nilikaa shambani siku kadhaa kwa hasira, navuna maharage yasiyokomaa vizuri. Niliporudi karakana nilimkuta Maduhu amesimama katikati ya meza na mlango, kama mtu anayeficha mtoto aliyevunja kitu. Nikampita. Anga lilikuwa la bluu. Bluu ya kufulia mashuka, safi, tambarare. Kibuyu kilikuwa kimefunikwa, juu yake kuna mtungi wa maji.

Sitawaambia nilichosema. Kihangaza chetu kina maneno ambayo Kiswahili hakiyahitaji.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. "Uso sikuugusa," akasema. "Nilichanganya nyeupe, nikashika brashi. Nikashindwa."

"Kwa nini?"

"Ni uso wa mama yako. Nilikuwa naletewa chakula na mtu huyu."

Kweli nilikuwa nimemchora mama, bila kumwambia yeyote. Hasira yangu haikuisha, lakini ilikaa chini. Nikatafuta kitambaa cha pamba na maji safi.

Rangi ya gundi haifi ikikauka; ukiilowesha inaamka. Hilo ndilo jema lake na baya lake. Nilianza kulowesha ile bluu na kuinyanyua kidogo kidogo, nikiomba nyekundu ya chini isiamke nayo. Iliamka. Bluu na nyekundu zikashikana, na mimi nikabaki nimeshika kitambaa, nimeharibu kazi nzima ya masika kwa mkono wangu. Nililia. Maduhu akachukua kitambaa kingine, akaja upande wa pili wa meza, naye akaanza kunyanyua. Pale bluu ilipotoka sana anga likawa jekundu lenye moshi, na pale ilipobaki likawa la zambarau zito, limening'inia juu ya migomba.

Maduhu aliinua kichwa. "Mvua inatoka Burundi," akasema.

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Kila mtu wa Ngara anajua anga lile, saa ile upepo unapokata na wanawake wanakimbilia kuanua. Mewar hawakulichora anga hilo, Kangra hawakulichora. Sisi wenyewe tusingeweza kulichora kwa kukusudia. Sasa Maria alikuwa anafika kwa Elizabeti muda mfupi kabla ya mvua kubwa, na ndiyo maana Elizabeti amemshika viwiko: anamvuta ndani. Nilikirudisha kibuyu mahali pake. Maduhu hakubisha. Alikiongezea mrija wa pili.

Tuliirudisha kwa kamati. Mwalimu Deusi alivaa miwani akaitazama vizuri, sitamsingizia. Kisha akaivua. "Skolastika, binti yangu, umejitahidi. Lakini hii si ya kwetu. Hii ni ya Wahindi."

Nikamwambia, "Mwalimu, mwaka jana nilipeleka picha zangu Mwanza kwa mfanyabiashara Mhindi, mwenye duka la vitambaa. Nilidhani atafurahi. Alizitazama moja moja akanirudishia, akasema, 'Mama, hizi si za kwetu.'"

"Unaona?"

"Naona. Kama si ya kwao na si ya kwenu, basi ni ya kwangu."

Nikaifunga ndani ya kitenge nikatoka. Kanisa lilitundika picha ya kuchapwa, yenye anga la bluu. Iko pale, watu wanasali mbele yake, na sala zao zinafika, sina ugomvi na hilo. Chumba cha karakana kikachukuliwa kuwa stoo. Maduhu alirudi Kaniha. Akachunga, na siku za gulio akachora mabango ya maduka. Nasikia bango la bucha moja kule lilikuwa na ng'ombe mzuri hadi watu waliona huruma kununua nyama. Kila mwaka hadi alipofariki alinitumia kopo la gundi. Mimi niliendelea nyumbani, nikiuza kadi za ubatizo na za harusi, nikila vizuri mwaka mmoja na vibaya mwaka mwingine.

Walinijia watu wa kunishauri, wengi. Mmoja wa biashara ya utalii aliniambia nichore Wamasai wanaruka na jua linazama. "Huku hatuna Wamasai," nikamwambia. "Haidhuru," akasema, "wageni hawajui." Mimi najua, nikamjibu. Ninyi nanyi mmekuja na "ya Kiafrika". Wewe kijana uliyesimama, nimeziona picha zako kwenye simu ya mjukuu wangu: watu wenye macho kama sahani na nywele zilizosimama kama miiba, kama katuni za Wajapani. Ni nzuri. Sikukuuliza ni za wapi. Nilitaka kukuuliza tu kwa nini mikono yao yote umeificha mifukoni. Vidole vinakushinda? Njoo nyumbani, nitakuonyesha.

Na ile picha? Niliipeleka zahanati ya huku kwetu. Wajawazito walikuwa wanasubiri kwenye benchi, wakitazama ukuta mtupu. Muuguzi wa wakati ule, Mama Domitila, aliitazama akasema neno moja, "Hapa," akagonga msumari mwenyewe. Mwaka uliofuata nilimkuta Mwalimu Deusi amekaa chini yake. Binti yake alikuwa ndani, uchungu umeanza. Nikamwamkia, nikakaa naye. Asubuhi ile ilikuwa ndefu, na mwanamume anayesubiri hana pa kuweka macho. Yake yalikuwa yanakwenda kwenye picha na kurudi.

"Huyu bubu," akasema mwishowe, "mbona mirija ni miwili?"

"Mmoja wa mgeni, Mwalimu. Mtu kama wewe, anayesubiri."

Akatikisa kichwa. Mtoto alipolia ndani, tulisimama wote kwa pamoja. Mjukuu wa kike. Akanipa mkono, akaushika muda mrefu. "Bado naona anga lilipaswa kuwa la bluu," akasema.

"Na mimi bado naona hapana, Mwalimu."

Alifariki na msimamo wake, nami nitafariki na wangu. Nilimpenda.

Sasa mmenitumia ujumbe. Mnataka kuichukua picha ile, muipige kwa mashine, mjaze kwa kompyuta palipochubuka, muichape kubwa kama mlango kwa ajili ya maonyesho yenu. Ni kweli imechubuka. Haikuwahi kuwa na kioo. Wanawake wanaosubiri huigusa tumboni, kwa Maria na kwa Elizabeti, na miaka yote hii vidole vimeondoa rangi hadi karatasi nyeupe inaonekana, duara mbili.

Juzi nilikwenda zahanati kupima presha. Nikaikaribia, nikainua mkono nione kama karatasi imeanza kuachana, maana hiyo ndiyo hatari yenyewe. Binti mmoja pale kwenye benchi, tumbo hadi hapa, sijawahi kumwona, akaniambia kwa sauti kali, "Bibi, shikamoo, lakini usiiguse. Hiyo inashikwa na wenye mimba tu."

Wenzake wakaitikia, "Ndiyo, Bibi."

Nikarudisha mkono. Nikakaa mwisho wa benchi kungojea presha yangu.

Kwa hiyo ruhusa mnayoniomba sina. Nendeni mkawaombe wale wa kwenye benchi, na mkitoka salama mje mniambie walichowajibu.